Simba Kumi na Wawili wa Mgeni Rasmi

Sikilizeni vizuri, na mtakaoisikia nusu msiiongezee. Palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, maana kulitaja kulihitaji kibali cha ofisi tatu, na ofisi ya pili ilikuwa haifunguliwi. Ilikuwa nchi njema. Zamani maovu yalikuwapo, lakini yalifutwa kwa tangazo la serikali siku moja ya Jumanne, na tangu hapo yeyote aliyesema ameonewa alikamatwa kwa kueneza uzushi.

Katika nchi hiyo aliishi Teofili Kandonga, Mhesabu Mkuu wa Wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Ngurumo Kuu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote wilayani, na mwoga wa kupindukia. Msimcheke. Aliyemtangulia kazini, Mzee Ngalimecha, aliripoti mwaka mmoja kwamba tembo wamepungua, na wiki hiyohiyo akapungua yeye. Nyumbani kwake ilikutwa kofia na kiatu kimoja, na kiatu chenyewe kilikuwa bado na mguu ndani.

Hapo Teofili akaielewa sheria: taifa halipungui. Kila Desemba alikaa barazani kwake na chai ya tangawizi, akachukua hesabu ya mwaka uliopita, akaiongezea asilimia nane, akapiga mhuri. Ndivyo simba wa Ngurumo Kuu walivyofika mia nne na kumi na wawili. Kwa macho yake mwenyewe alikuwa amewahi kumwona mmoja, miaka sita nyuma, jike lenye sikio lililochanika, na tangu siku hiyo hakumwona tena.

Wengine walikwenda wapi? Swali hilo halikuulizwa na mtu, ingawa jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyeingia ofisi ya mkubwa. Kila waziri alipoapishwa alipewa ngozi ya simba ya kutandika kitini, na mawaziri wa nchi ile walibadilishwa mara nyingi kuliko balbu za taa.

*

Sasa ikaja habari kwamba Mgeni Rasmi kutoka Nchi Rafiki, ile iliyoahidi kujenga barabara, anataka kutembezwa mbugani kuona wanyama. Kamati ya Maandalizi ikaundwa siku hiyohiyo. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Chakupewa, Waziri wa Wanyama na Utulivu, mtu mnene aliyezungumza kana kwamba kila mara yuko mbele ya kipaza sauti, hata akiomba chumvi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "kwa mapana na marefu yake, ziara ni ratiba. Mnyama asiyefuata ratiba ni mhujumu uchumi. Kandonga, tusomee."

Teofili akasimama, akasoma. Saa tatu na nusu, Mgeni Rasmi kushangaa twiga kwa dakika saba. Saa nne kamili, pundamilia kupita kutoka kushoto kwenda kulia. Saa nne na robo, simba kumi na wawili kupumzika kwa heshima chini ya migunga. Saa nne na dakika arobaini, Mgeni Rasmi kufurahi. Ratiba hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa saini Ikulu, na katika nchi ile kitu kilichotiwa saini Ikulu hakibadiliki, hata kikiwa na kosa la tarehe. Mwaka uliotangulia watu walisherehekea tarehe thelathini ya Februari, wakapewa na siku ya mapumziko.

"Kumi na wawili tu," Waziri akasema, akitabasamu. "Katika mia nne na kumi na wawili. Hilo nalo ni ombi? Kandonga, uwalete Alhamisi kwa mazoezi."

Teofili akaikunja ratiba. "Mheshimiwa, simba ni... ni watu wa kujificha."

"Nani kawaficha?" Sauti ilitoka pembeni. Aliyesema alikuwa Kanali Twangeni, Kamanda wa Kikosi cha Kulinda Mandhari, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Kazi ya kikosi chake ilikuwa kuondoa chochote kilichoharibu mandhari, na aghalabu kilichoharibu mandhari kilikuwa na watoto na mbuzi.

"Sikusema wamefichwa, afande. Nasema pengine wamesogea."

"Wamesogea wapi? Onyesha."

Ramani ilikuwa mezani. Teofili alitaka kuonyesha popote, mtoni, mlimani, mahali pasipo mtu. Lakini mkono wa mtu aliyetishika huenda unakokujua, na kidole chake kikatua Liwelu, kijiji kilicho mpakani mwa hifadhi, alikozaliwa. Kanali akaweka alama nyekundu.

"Wezi," akasema.

Ninyi mngefanya nini? Teofili alifungua mdomo kusema la, Liwelu hapana simba, simba hawapo kabisa, nimeandika uongo miaka kumi na tisa. Akakumbuka kiatu cha Mzee Ngalimecha. Akaufunga mdomo.

*

Operesheni Rudisha Simba ilianza asubuhi iliyofuata. Teofili alipelekwa nayo, na daftari lake, ili hesabu iwe ya kitaalamu. Walimwekea meza na kiti chini ya paa la ghala la kijiji, wakampa na soda.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mtu aliletwa, akaulizwa ana simba wangapi. Akisema hana, alipigwa rungu kwenye magoti. Akiulizwa tena, alikuwa amekwisha kumkumbuka walau mmoja.

"Unaona?" Kanali alimwambia fundi baiskeli mmoja ambaye meno yake yalikuwa kwenye kiganja chake mwenyewe. "Ukweli hauhitaji shule. Wangapi?"

"Watatu, afande."

"Madume?"

"Unavyopenda wewe, afande."

Mzee mmoja wa miaka themanini, asiyeweza kumfukuza hata kuku, alikiri sita. Mume na mke walihojiwa mbali mbali. Mume akasema wanne, mke akasema tisa, na mume akaongezewa marungu matano, moja kwa kila simba aliyemsahau. Kijana aitwaye Mahundi alikufa akiwa amefika simba wa saba, na katika safu ya maelezo Teofili aliamriwa aandike: amefariki kwa kutokumaliza sentensi. Kwa kuwa askari walikuwa watu wenye huruma, nyumba za waliokiri zilichomwa baada ya wenyewe kutolewa nje.

Kufikia saa nane nyumba thelathini na saba zilikuwa zimekiri jumla ya simba mia sita na tisa. Hesabu ilizidi ya hifadhi. Kanali akamgeukia Mhesabu Mkuu.

"Hawa mia moja tisini na saba wa ziada ni wa nani?"

"Wa nchi jirani, afande," Teofili akasema. "Wameingia bila hati."

"Andika."

Akaandika. Na alipoinua kichwa akamwona Skolastika analetwa.

Skolastika alikuwa dada yake wa tumbo moja, mjane wa miaka sitini, mwenye mdomo ambao kijiji kizima kiliuogopa. Mama yao alipokufa, Teofili akiwa na miaka minne, ndiye aliyemlea. Alitwanga mahindi ya watu mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato, ili mdogo wake aende shule akajifunze kuandika vizuri. Sasa alikuwa anaburutwa na askari wawili, kilemba kimemdondoka, na damu inamtoka sikioni. Alipomwona nduguye mezani alisimama.

"Teo," akasema. "Umekula?"

Soda ilikuwa mbele ya Teofili, na aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Una simba wangapi?" Kanali akauliza.

"Mimi sina hata jogoo. Simba nitamlisha nini, matembele?"

Rungu likatua kwenye mkono wake wa kushoto. Kila mtu aliusikia mfupa. Skolastika alikaa chini, akakunja uso, lakini hakulia.

Teofili akainama juu ya meza. "Dada, kiri wawili tu," akanong'ona. "Wawili si wengi. Wenzio wamesema tisa."

"Na wakiniambia niwatoe?"

"Kiri kwanza, ya kutoa yatakuja baadaye."

"Wewe ndiwe unayejua kama simba wapo au hawapo. Waambie wewe." Alimtazama moja kwa moja, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Waambie, Teo."

Teofili akatazama daftari. Kanali akangoja, kisha akacheka kidogo, akaagiza mama yule aandikwe: simba hana, kiburi anacho.

*

Waziri alifurahishwa sana na matokeo. Mia sita na tisa! Alipiga simu Ikulu, akapongezwa, kisha akauliza wale simba wataletwa saa ngapi. Hapo ndipo kamati nzima ilipogundua kwamba watu wa Liwelu walikuwa wamekiri kwa moyo mmoja na hawakuleta hata unyoya.

Waziri akajinyoosha kitini kwa kuudhika, na mkono wake ukagusa kitu laini. Alikuwa amekalia mkia. Akautazama mkia, akaitazama ngozi nzima aliyoikalia, yenye kichwa na manyoya na kucha zake, na uso wake ukang'aa.

"Ndugu wajumbe," akasema, "simba ni nini? Kwa tafsiri ya kisera, simba ni ngozi iliyojaa. Ngozi tunazo. Kinachopungua ni cha kujazia."

Wajumbe wakapiga makofi. Wizara zikaombwa zichangie, na jioni hiyo ngozi kumi na mbili zikaletwa hifadhini kwa gari la serikali. Teofili akaamriwa achague kumi na wawili kutoka orodha ya waliokiri. Alichagua akilia kimoyomoyo, lakini ndani ya kilio palikuwa na furaha ya siri: Skolastika hakukiri, kwa hiyo hakustahili. Ubishi wake umemwokoa!

Mazoezi yalianza alfajiri ya Ijumaa. Kanali mwenyewe alifundisha. Watu wa Liwelu walijifunza kutembea kwa magoti yao yaliyovimba, kulala ubavu, kupiga miayo kwa zamu. Aliyeinua makalio juu mno alichapwa. Aliyekohoa alichapwa. Fundi baiskeli, ambaye hakuwa na meno, alikatazwa kupiga miayo ili asiitie nchi aibu. Mzee wa miaka themanini alianguka wakati wa kunguruma, akapigwa teke ainuke, hakuinuka tena. Wakabaki kumi na mmoja.

"Ratiba inasema kumi na wawili," Kanali akasema. "Mleteni yule mama wa kiburi. Simba jike anatakiwa awe na kiburi kidogo."

Teofili alimkuta nyuma ya banda, wanamfunga ngozi kwa kamba. Kichwa cha simba kilikuwa kimemfunika mpaka machoni. Kwa kuwa mkono wake ulivunjika na hakuweza kutambaa, alipangiwa kulala peke yake chini ya mgunga wa mwisho.

"Ni dakika ishirini na tano tu, dada," Teofili akasema. "Saa nne na dakika arobaini mgeni anafurahi, anaondoka, nanyi mnaachiwa. Nimemwuliza Waziri. Ameniahidi."

"Wewe utakuwa wapi?"

"Gari la pili, la wakubwa."

"Basi jua likinizidi nikatikisika, usinitazame. Ukinitazama uso wako utasema, na wewe uso wako haujui kuficha." Akahema. "Ngozi hii inanuka manukato ya mwanamume. Aliyekuwa anaikalia alikuwa anajipenda."

Teofili akacheka, kisha akalia, kisha akaitwa kwenda kukagua twiga.

*

Siku ya ziara bango kubwa lilitundikwa langoni: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Mgeni Rasmi alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye kofia ya jua na miwani midogo. Hakujua Kiswahili, hivyo alikaa na mkalimani wa wizara. Twiga akashangaliwa dakika saba. Pundamilia, ambao walikuwa wawili, walipita kushoto kwenda kulia, wakazungushwa nyuma ya kilima, wakapita tena mara nne.

Saa nne na robo magari yakasimama. Umbali wa kutosha, chini ya migunga, walilala simba kumi na wawili. Mmoja alipiga miayo, halafu mwingine, kwa zamu. Teofili hakumtazama wa mwisho. Alitazama saa yake. Mshale ulikwenda polepole mno, lakini ulikwenda: na ishirini, na nusu, na thelathini na tano. Akaanza kuamini. Dakika tano tu!

Mgeni akasema kitu. Mkalimani akatafsiri: "Mheshimiwa anauliza kama serikali itamruhusu kupiga mmoja. Amekuja na bunduki yake."

Waziri hakufikiri hata kidogo. "Nchi hii haijawahi kumnyima mgeni. Tunao mia nne na kumi na wawili. Achague."

Bunduki ikatolewa kwenye mfuko wa ngozi. Mgeni akatazama kwa darubini, akaanzia wa kwanza, akapita taratibu mpaka mwisho, akaonyesha kwa kidole.

"Yule wa peke yake," mkalimani akasema. "Anasema anaonekana kaumia mguu wa mbele. Kumpiga ni huruma."

Teofili akasimama ndani ya gari. Miaka kumi na tisa ya woga ikamkatikia hapo hapo. "Mheshimiwa, yule ni dada yangu!" akapaza sauti. "Ni mtu! Wote ni watu! Simba hakuna!"

Mgeni akageuka, akauliza amesema nini. Mkalimani akamtazama Waziri, Waziri akamtazama Kanali, Kanali akashika kiuno chake penye bastola.

"Anasema," mkalimani akatafsiri kwa lugha ya mgeni, "yule simba anampenda kama dada yake wa tumbo moja."

Mgeni akaguswa. Akaweka mkono kifuani kwa heshima, kisha akalenga.

Teofili akaruka kutoka garini, akaanguka, akainuka, akakimbia kuelekea mgunga wa mwisho akipunga mikono. "Skola! Skola, inuka!" Risasi ya kwanza ilipasua vumbi. Skolastika aliinua kichwa, akajaribu kusimama kwa mkono mmoja, na risasi ya pili ikampata kifuani.

Hapo simba kumi na mmoja wakasimama kwa miguu miwili na kutoka mbio, jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Kanali alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilisema wazi: mnyama hatari akikimbia mbele ya mgeni, apigwe. Askari wakafyatua. Fundi baiskeli alianguka akiwa ameshika mkia wake asijikwae. Watatu wengine wakaanguka nyuma yake, mmoja akitambaa na utumbo ukimfuata kwenye nyasi mpaka alipopigwa ya kichwa. Waliobaki waliingia kichakani, na kichaka nacho kikapigwa risasi kwa tahadhari.

Teofili alikuwa amekwisha kumfikia dada yake. Akakinyanyua kile kichwa cha simba, akamfuta vumbi mdomoni kwa shati lake. Alikuwa bado anapumua, kwa shida.

"Uliwaambia?" akauliza.

"Niliwaambia, dada. Wallahi niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Teofili akatafuta la kumjibu. Kabla hajalipata, dada yake alikuwa amekufa.

*

Mgeni alikuja kwa miguu, Waziri akimfuata mbio kwa kuhema. Akasimama juu yao. Akauona uso: mwanamke wa miaka sitini, mvi kwenye paji, macho wazi. Waziri alitokwa jasho, maana barabara nzima ilikuwa inaning'inia. Mgeni alivua kofia. Akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

Mkalimani akamgeukia Waziri. "Anauliza kama damu itatoka kwenye ngozi, au doa litabaki."

"Itatoka!" Waziri akasema kwa furaha. "Tunao mafundi hodari!"

Kanali akaamuru ngozi ivuliwe. Teofili alikataa kuachia. Askari wakampiga kwa kitako cha bunduki vidoleni, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ule wenye mwandiko mzuri ukawa haushiki kitu. Wakampiga usoni. Aliendelea kumlalia dada yake, na kwa mdomo uliojaa damu akamwambia mkalimani:

"Mwambie ana jina. Anaitwa Skolastika. Mwambie hivyo tu."

Mkalimani alikuwa mtu wa kawaida, mwenye mke na watoto, na tangu asubuhi hakuwa amesema neno moja la kweli. Pengine alichoka. Alimgeukia Mgeni na kutafsiri kama alivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akatoa kijitabu mfukoni, akaomba atajiwe herufi moja moja, akaandika.

Saa nne na dakika arobaini, Mgeni Rasmi alifurahi.

Barabara ilijengwa. Inapita katikati ya ilipokuwa Liwelu, nzuri, pana, na hakuna anayevuka. Teofili Kandonga alihukumiwa miaka kumi na minne kwa kushuka kwenye gari hifadhini bila ruhusa. Ngozi ilisafishwa, doa likatoka kama Waziri alivyoahidi, na sasa imetundikwa ukutani katika nyumba moja ya Nchi Rafiki, kwenye chumba cha kulia. Chini yake pana kibao kidogo cha shaba kilichoandikwa: SKOLASTIKA, JIKE, LIWELU. Wanaoalikwa pale huambiwa kwamba watu wa nchi ile huwapa simba wao majina na kuwalilia wakifa. Nao huweka uma chini, hutazama ukutani kidogo, na husema kwamba hao lazima wawe watu wenye moyo mwema sana.